Kompyuta Inapochelewa Kufunguka, Mwananchi Ndiye Anayesubiri

Haya ni maneno ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa makarani wa vituo vya huduma, wasimamizi wa wadi na maafisa wa TEHAMA, katika kikao cha mafunzo kilichofanyika makao makuu ya kaunti.



Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini afisa wa habari amepewa nafasi ya kuzungumzia kompyuta. Sababu ni kwamba malalamiko ya wananchi hufika mezani petu kabla hayajafika kwa fundi. Mwananchi hatuandikii kutuambia kwamba seva imeelemewa. Anatuandikia kwamba alifika kituoni saa mbili asubuhi kulipia kibali cha biashara, akakuta karani amekaa mbele ya skrini, na baada ya nusu saa akaambiwa "sistimu iko chini, rudi kesho." Tukiuliza kituo, tunaambiwa shida ni mtandao. Tukiuliza wanaosimamia mtandao, wanatuambia mtandao uko sawa. Mwananchi amekwisha kutumia nauli, na sisi hatuna jibu la kumpa.

Nimeomba nafasi hii ili tuelewane juu ya jambo moja. Kuchelewa kwa kompyuta wakati wa kuingia si tatizo moja. Ni safari yenye hatua tano, na kila hatua ina ugonjwa wake na dawa yake. Tukijua ni hatua gani inayochelewa, mara nyingi tiba huwa ndogo na haina gharama kubwa. Tusipojua, tutanunua vitu ambavyo havitatusaidia.

Kwa nini jambo hili ni zito

Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupata huduma ya kiutawala iliyo ya haraka, yenye ufanisi, inayofuata sheria, yenye busara na ya haki. Ibara ya 232 inataja utoaji wa huduma bila kukawia kuwa miongoni mwa maadili ya utumishi wa umma. Kwa hiyo dakika ambazo mwananchi anasubiri dirishani zinahusu haki yake.

Tufanye hesabu. Tuseme kituo kina makarani 6, na kila mmoja anangoja dakika 7 asubuhi kabla kompyuta yake haijawa tayari. Hizo ni dakika 42 za kazi zilizopotea kabla mtu wa kwanza hajahudumiwa. Wakitolewa kwenye mfumo wakati wa chakula cha mchana na kungoja tena, zinakuwa dakika 84 kwa siku, katika kituo kimoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kinajazwa na muda wa watu waliotoka mbali.

Kuna athari nyingine ambayo haionekani kwenye foleni. Kompyuta inapochukua muda mrefu kufunguka, watu hutafuta njia ya mkato. Karani mmoja anaingia alfajiri, kisha wote wanatumia kompyuta hiyo hiyo kwa jina lake. Au nywila inaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Siku ambayo mkaguzi atauliza ni nani aliyetoa risiti fulani, mfumo utataja jina la mtu aliyekuwa likizoni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tulinde taarifa za wananchi, na hatuwezi kusema tumezilinda ikiwa hatujui ni nani aliyezifungua. Tatizo la kasi linageuka kuwa tatizo la uwajibikaji.

Kompyuta pepe ni nini

Kwenye vituo vyetu, kifaa kidogo kilicho mezani si kompyuta mnayofanyia kazi hasa. Kompyuta yenyewe iko ndani ya seva, kwenye chumba cha mitambo. Ndiyo tunayoiita kompyuta pepe. Kifaa cha mezani kinatuma yale mnayoandika na kubofya, nacho kinaletewa picha ya skrini. Mpango huu una faida. Kifaa kikiibwa, data ya wananchi haijaibwa pamoja nacho. Programu ikihitaji kusasishwa, inasasishwa mahali pamoja badala ya fundi kuzunguka wadi zote. Na karani akihamishwa kituo, anakuta kazi yake huko aendako.

Sasa naomba msikilize sehemu hii kwa makini, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Kwa kuwa kompyuta iko ndani ya seva, sehemu kubwa ya kazi ya kuingia hufanyika huko huko kwenye chumba cha mitambo, kati ya seva na seva. Laini ya intaneti inayofika wadi hubeba picha ya skrini tu. Kwa hiyo ikiwa kompyuta inachelewa kufunguka kwa sababu faili za mtumiaji ni nzito, kuongeza kasi ya intaneti kituoni hakutapunguza hata sekunde 10. Intaneti ikiwa mbovu, dalili zake ni tofauti: herufi zinatokea baada ya kuandikwa, kipanya kinaruka, picha inakatika, na hali hiyo inaendelea siku nzima. Kuchelewa kunakotokea wakati wa kuingia peke yake, kisha kazi ikaenda vizuri hadi jioni, mara nyingi hakusababishwi na laini ya kituo.

Hatua tano za kuingia

Hatua ya kwanza ni kutafutiwa kompyuta. Unapoomba kuingia, kuna seva inayogawa kompyuta pepe kwa watumiaji. Ikiwa kompyuta zilizimwa usiku ili kuokoa nguvu za seva, basi saa mbili kamili watu wote wanaomba kwa wakati mmoja, na seva inalazimika kuziwasha nyingi kwa pamoja. Diski zinaelemewa na kila mtu anangoja. Dalili yake ni kwamba anayeingia saa mbili anateseka, lakini anayeingia saa nne anafunguliwa upesi. Tiba yake ni kupanga kompyuta za kutosha ziwashwe zenyewe mapema, kwa mfano saa moja na nusu asubuhi, kabla milango haijafunguliwa.

Hatua ya pili ni utambulisho. Jina na nywila yako hupelekwa kwa seva inayothibitisha watumiaji. Ili kompyuta pepe iipate seva hiyo, huuliza DNS, ambalo ni kama daftari la anwani la mtandao. Kompyuta ikielekezwa kwenye DNS ya nje ya kaunti, itauliza, itakosa jibu, itangoja, kisha itauliza tena. Vivyo hivyo, ikiwa mtandao wa seva zetu haukuorodheshwa vizuri kwenye Active Directory, kompyuta inaweza kupelekwa kwa seva ya utambulisho iliyo mbali wakati kuna nyingine iliyo karibu. Saa nazo ziangaliwe. Mfumo wa Kerberos kwa mipangilio yake ya kawaida haukubali tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya saa ya kompyuta na saa ya seva. Hapo utaona mtu anakataliwa ilhali nywila yake ni sahihi.

Hatua ya tatu ni kuletewa wasifu. Wasifu ni mipangilio na faili zako binafsi: alamisho zako, barua pepe, na mambo uliyoyaweka kwenye ukurasa wa mwanzo. Kwa mfumo wa zamani wa wasifu unaosafiri, faili hizo hunakiliwa moja moja kila unapoingia, na mtu aliyeweka video na picha za harusi kwenye ukurasa wa mwanzo anazibeba zote kila asubuhi. Mifumo ya sasa kama FSLogix, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018, huuweka wasifu mzima ndani ya faili moja kubwa inayounganishwa kama diski. Njia hii ni ya haraka zaidi, lakini nayo ina mitego miwili. Wa kwanza ni programu ya kukinga virusi kuikagua faili hiyo kubwa kila inapofunguliwa. Microsoft yenyewe inashauri faili hizo ziondolewe kwenye ukaguzi wa aina hiyo. Wa pili ni kwamba ukiacha kazi yako wazi kwenye kompyuta moja kisha ukaingia kwenye nyingine, faili bado imeshikiliwa. Mfumo, kwa mipangilio yake ya awali, utajaribu kuifungua mara 12, kila baada ya sekunde 5. Hiyo ni dakika 1 nzima ya kungoja, na sababu ni kwamba jana jioni ulifunga dirisha badala ya kutoka rasmi.

Hatua ya nne ni kanuni za ofisi. Seva huiambia kompyuta yako: unganisha folda hii, weka printa ile, zuia tovuti fulani. Mafundi huziita Group Policy. Zikiwa chache hazina shida. Lakini kanuni huongezwa mwaka baada ya mwaka na mara chache mtu huziondoa. Chukueni mfano wa printa iliyokuwa kwenye ofisi ya zamani, na seva yake ikazimwa baada ya ofisi kuhamishwa. Kanuni ya kuiunganisha ikibaki, kompyuta ya kila mtumiaji itaitafuta kila asubuhi, na itangoja hadi ikate tamaa. Jambo jingine: tangu Windows 8.1, skripti za kuingia zinazotumwa kwa Group Policy hungoja dakika 5 baada ya mtumiaji kuingia, isipokuwa fundi abadilishe mpangilio huo. Kwa hiyo karani anaweza kuona ukurasa wa mwanzo umefunguka lakini folda za kazi hazipo, akadhani mfumo umeharibika, akatoka na kuingia tena. Dakika 5 zinaanza upya.

Hatua ya tano ni ukurasa wa mwanzo na programu zinazojifungua zenyewe. Hapa mtumiaji ameshaingia, ila kompyuta imeshikwa na programu za mazungumzo, za kusasisha, za kuhifadhi faili mtandaoni, zote zikigombania nguvu za seva moja. Ukifungua Task Manager, utaona sehemu ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta. Zisizo za kazi ziondolewe kwa wote kwa pamoja, huko kwenye seva.

Karani afanye nini

Makarani, siwaombi muwe mafundi. Nawaomba muwe mashahidi wazuri. Fundi akiambiwa "iko slo," hana pa kuanzia. Tumieni saa ya simu zenu na muandike majibu ya maswali matano.

Moja, tatizo ni la mtu mmoja au la wote? Likiwa la mmoja, fundi ataanza na wasifu wake. Likiwa la wote, ataanza na seva.

Mbili, ni kituo kimoja au vituo vyote? Likiwa la kituo kimoja, hapo ndipo laini ya kituo inapaswa kuangaliwa, pamoja na printa na kanuni za kituo hicho.

Tatu, ni saa mbili asubuhi tu au saa zote?

Nne, lilianza lini, na ni nini kilichobadilika siku hizo? Pengine printa mpya, programu mpya, au ofisi kuhama.

Tano, skrini ilikuwa imeandikwa nini ilipokwama, na kwa dakika ngapi? Maneno hayo hayakuwekwa kama pambo. Ukiona "Please wait for the User Profile Service," umekwama kwenye wasifu. Ukiona maneno yanayotaja Group Policy, umekwama kwenye kanuni. Piga picha ya skrini kwa simu, mradi isiwe na taarifa za mwananchi, uitume kwa kitengo.

Fundi afanye nini

Wenzetu wa TEHAMA, hili mnalijua kuliko mimi, lakini nalisema mbele ya wakuu wenu ili mpewe muda wa kulifanya. Pimeni kabla ya kugusa. Windows yenyewe huandika kumbukumbu ya kila hatua, na zinasomwa kwenye Event Viewer bila kununua kitu. Kwenye kumbukumbu za usalama, tukio namba 4624 huonyesha saa ambayo utambulisho ulikubaliwa. Kwenye kumbukumbu za User Profile Service, tukio namba 1 na namba 2 huonyesha wasifu ulipoanza na ulipomaliza kushughulikiwa. Kwenye kumbukumbu za Group Policy, tukio namba 4001 huonyesha kanuni za mtumiaji zilipoanza, na namba 8001 hutaja zilimalizika baada ya sekunde ngapi. Wekeni saa hizo kwenye jedwali moja, na hatua iliyokula muda itajionyesha.

Kisha fanyeni majaribio mawili rahisi. Mtengenezeeni mtumiaji mpya wa majaribio, mumwingize kutoka kituo kile kile. Mara ya kwanza msiihesabu, kwa sababu Windows hutengeneza wasifu mpya na hilo huchukua muda. Hesabuni mara ya pili. Akiingia upesi ilhali karani anachelewa, tatizo liko kwenye wasifu wa karani. Akichelewa naye, ondoeni kanuni kwa huyo wa majaribio peke yake, mpime tena. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu siku moja na kasi ikaongezeka, hutajua ni lipi lililoponya, na likirudi utaanza upya.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie ununuzi. Inawezekana vipimo vitaonyesha kwamba diski za seva hazitoshi, au kwamba laini ya kituo fulani ni dhaifu kweli. Ombi la pesa likiambatana na vipimo hivyo, idara ya fedha italielewa, na bunge la kaunti likiuliza litajibiwa. Ombi linalosema "mfumo uko polepole" halitoshi.

Wasimamizi na wakuu wa idara

Kwenu nina maombi matatu. La kwanza, mtumishi akihamishwa au printa ikiondolewa, kitengo cha TEHAMA kiarifiwe siku hiyo hiyo. Kanuni zilizosahaulika hutokana na taarifa ambazo hazikutolewa. La pili, hakikisheni watumishi wanatoka rasmi kwenye mfumo kila jioni. Kufunga dirisha au kuzima skrini si kutoka. Kazi inabaki wazi kwenye seva, ikila nguvu zake na kushikilia wasifu. La tatu, msimruhusu mtu yeyote kutumia jina la mwenzake, hata foleni iwe ndefu namna gani. Mkiona watumishi wanalazimika kufanya hivyo, leteni taarifa kwamba kuingia kunachelewa. Msiwaadhibu kwanza kisha mkaacha chanzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwananchi aambiwe nini

Hapa narudi kwenye kazi yangu. Maneno "sistimu iko chini" tuyatumie pale tu ambapo mfumo umesimama kabisa. Kompyuta ikichelewa, mwambie mwananchi ukweli kwa lugha anayoielewa: "Mama, kompyuta zinafunguka, zinachelewa kwa muda wa dakika 10. Unaweza kusubiri hapa, au nikuandike jina uhudumiwe ukirudi saa tatu na nusu bila kupanga foleni upya." Wazee, akina mama wenye watoto wachanga na watu wanaoishi na ulemavu wapewe kiti na watangulie. Shida ikizidi nusu saa, msimamizi wa kituo atuarifu ili tutoe tangazo kwenye redio na kurasa za kaunti, mtu asipande matatu kutoka mbali bure. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatutaka tuwasiliane na umma, na mawasiliano hayaishii kwenye sherehe za kukata utepe.

Napendekeza pia kila kituo kipime muda wa kuingia mara moja kwa wiki, siku ya Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa mtumiaji mmoja, na kutuma dakika hizo kwa kitengo cha TEHAMA na kwetu. Tutazichapisha katika jarida hili, kituo kwa kituo, zikiwa nzuri au mbaya. Mwananchi akiona kituo chake kimetoka dakika 7 hadi dakika 2, atajua malalamiko yake yalisomwa. Akiona kimebaki pale pale, atakuwa na haki ya kutuuliza, nasi tutakuwa tunajua ni hatua gani ya kumjibu.

Karatasi yenye maswali matano imewekwa mlangoni. Kila kituo kichukue nakala 1 na kuibandika karibu na dawati, mahali ilipokuwa ile karatasi yenye nywila.